Nani anunue kofia ya mtoto wa Masisi?

*Milimani Kivu Kaskazini, akina mama wanafuma kofia na sweta za vichanga kwa mkono. Kazi wanaijua, na baridi ipo. Kinachosumbua ni soko.*

Kofia ya mtoto mchanga huanza na vitanzi sabini hivi kwenye sindano. Mfumaji huanza na ukingo wa mistari, kitanzi kimoja mbele, kimoja nyuma, mpaka ufikie upana wa vidole viwili. Ukingo huo ndio unaoshika kichwa bila kukibana. Akishaumaliza hupanda moja kwa moja hadi karibu urefu wa kiganja, halafu huanza kupunguza: vitanzi viwili anavifuma pamoja viwe kimoja, tena na tena, hadi vibaki vichache vya kupitishiwa uzi na kukazwa utosini. Kisha anashona mgongo wa kofia.

Jioni moja imekwisha, na zimetumika gramu ishirini na kitu za uzi. Asiye na sindano za dukani hutumia spoku za baiskeli zilizosuguliwa ncha.

Katika wilaya ya Masisi, na kwa namna nyingine kabisa katika jirani yake Walikale, kazi ya mikono kwa ajili ya mtoto anayekuja ni jambo la kila nyumba. Kwa miaka mingi imekuwa pia mradi: mashirika ya misaada, makanisa na vikundi vya akina mama vimefundisha kushona, kufuma na kusuka kama njia ya mwanamke kujipatia senti zake. Wanafunzi wamehitimu. Vyeti vimetolewa, picha zimepigwa.

Na kofia zimefumwa. Sasa nani anazinunua?

Baridi ya Masisi

Mtu anayeijua Kongo kwa picha za msitu mzito hushangaa akitoka Goma kwenda magharibi. Sake iko kilomita zipatazo 25, pale Ziwa Kivu linapoishia. Ukiipita Sake barabara inaanza kupanda, na msitu huuoni. Unakutana na malisho ya kijani, nyua za miti, ng'ombe wanene na vibanda vinavyouza jibini ya duara inayojulikana hadi Kinshasa. Huko juu, kuelekea Mushaki na Ngungu, vilima vinapita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukungu hushuka mapema. Usiku watu huvaa makoti, na babula, yaani jiko la makaa, huingizwa ndani ya nyumba, hatari zake zote zikijulikana.

Sasa mweke mtoto mchanga katika baridi hiyo. Anazaliwa amelowa, na maji yale yakikauka mwilini yanaondoka na joto lake. Kichwa chake ni kikubwa kwa kulinganisha na mwili: karibu sehemu moja ya tano ya ngozi yake yote iko hapo. Joto la kawaida la kichanga ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 za selsiasi. Likishuka chini ya hapo, mtoto hulegea, hunyonya kwa shida, na sukari mwilini mwake hupungua. Aliyezaliwa kabla ya wakati, yaani njiti, ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu bado hajajiwekea mafuta ya kumpasha moto.

Ndiyo maana maelekezo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu vichanga yamejaa mambo yanayofanana na ushauri wa bibi: mkaushe mara moja, mlaze kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, usimwogeshe kabla ya saa 24 kupita, mvishe nguo moja au mbili zaidi ya zile anazovaa mtu mzima mahali hapo, na mvike kofia.

> *Karibu sehemu moja ya tano ya ngozi ya mtoto mchanga iko kichwani.*

Njia ya kumbeba njiti kifuani, ambayo wengi huiita njia ya kangaruu, ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, katika hospitali ambayo mashine za kutunzia watoto njiti hazikutosha. Mtoto hukaa wima katikati ya matiti ya mama, amefungwa kwa kitambaa, na mavazi yake ni nepi, soksi na kofia basi. Hakuna umeme unaohitajika. Kwa milima ambako jenereta ikikosa mafuta kituo cha afya hubaki gizani, hiyo ni habari kubwa.

Hapa wahudumu wa afya wana onyo, nalo ni la haki. Kofia ni nyongeza. Mama anayemvisha mtoto kofia nzuri na sweta nene, kisha akamlaza peke yake kitandani, amempa pungufu ya yule aliyemweka kifuani akiwa na kofia kuukuu. Pia uzi mwingi unaouzwa madukani kwa jina la sufu ni akriliki ya kiwandani. Huo ukiguswa na moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi, kwa hiyo mtoto aliyevishwa sweta ya akriliki akae mbali na babula.

Kumwona mtoto

Kabla ya uzi wa dukani kulikuwa na ngozi. Katika nyanda hizi za wafugaji, mtoto alibebwa katika ingobyi, mbeleko ya ngozi iliyolainishwa, na kuiandaa ilikuwa kazi ya watu wa nyumbani wakati mimba ikikua. Mbeleko siku hizi ni kitenge. Lakini desturi ya kutokwenda kumwona mtoto mikono mitupu ipo palepale: sabuni, sukari, unga wa uji, kitenge kwa mama aliyejifungua. Mwenye ujuzi wa sindano huongeza kofia au viatu vidogo vya uzi.

Zawadi hiyo ina hesabu yake, ingawa hakuna anayeiandika. Aliyenifumia mimi nitamfumia yeye, au binti yake, au mkwe wake. Kofia yenyewe haikai kwa mtoto mmoja. Kichwa kikikua inafuliwa na kuhamia kwa mdogo wake, kisha kwa mtoto wa jirani, hadi uzi ulegee. Ndiyo sababu mtu akiniambia kofia ya mtoto "haina thamani ya soko", mimi huuliza anapima soko gani.

Walichofundisha masista

Kufuma kwa sindano mbili hakukutoka milimani. Kulikuja na wamisionari na utawala wa Ubelgiji. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilifungua katika miji ya Kongo na Ruanda-Urundi vituo vilivyoitwa foyer social, ambako wanawake walifundishwa kupika, kupiga pasi, kushona, kufuma na kutunza watoto. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt ameandika kwa kina juu ya kituo cha Usumbura, Bujumbura ya leo, kati ya 1946 na 1960. Ameonyesha pia jinsi nguo za vichanga zilivyotumiwa kama kishawishi. Mama akikubali kujifungulia katika wodi iliyoendeshwa na wazungu, au kumpeleka mtoto apimwe uzito, anapata zawadi.

Kwa hiyo wapo wanaoitazama sindano ya kufumia kwa jicho baya. Hoja yao si ya kubeza. Wanasema somo lile lilimtengeneza mwanamke wa nyumbani kwa mfano wa Ubelgiji, likamwacha mume na mshahara, hati ya shamba na shule ya ufundi. Na wanasema mashirika ya leo yamerudia somo lilelile kwa majina mapya: mwanamke akikimbia vita, anapewa sindano, akibakwa, anapewa cherehani, akiwa mjane, anafundishwa kusuka vikapu. Wakati huohuo fedha nzito ya Masisi iko Rubaya, kwenye koltani, na ya Walikale iko Bisie, kwenye bati. Huko mwanamke hukutwa akiosha mchanga au akibeba mzigo, wala si yeye anayepanga bei.

Hoja hiyo ninaikubali nusu. Ni kweli kwamba kufundisha ufumaji kumekuwa jibu la haraka la mtu aliyekosa jibu. Lakini masista hawakubaki na sindano zao. Akina mama walizichukua, wakatupa sehemu waliyoiona haina maana, na wakaendelea na kofia kwa sababu mtoto wa Ngungu anasikia baridi, mkoloni awepo asiwepo.

Upo pia upande ambao hesabu ya fedha haiugusi. Hospitali ya HEAL Africa mjini Goma, iliyoanzishwa na daktari Jo Lusi na mkewe Lyn aliyefariki mwaka 2012, iliweka kazi za mikono katika huduma yake kwa wanawake waliokuwa wakisubiri au kupona upasuaji wa fistula. Wanawake waliokaa miezi hospitalini, wengine wakiwa wametupwa na waume zao, walijifunza kushona huku wakizungumza na wenzao. Hapo mkoba uliotoka mikononi mwao ulikuwa faida ya pili. Walikale ilijua haja ya huduma ya namna hiyo mwaka 2010, pale wapiganaji walipovamia vijiji vya barabara ya Luvungi kuanzia tarehe 30 Julai hadi 2 Agosti na kubaka mamia ya watu. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa baadaye waliorodhesha waathirika 387.

Cherehani haikimbii

Jambo moja halisemwi vya kutosha katika mabishano haya, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote: uzito.

Cherehani ya miguu, Singer ya zamani au Butterfly ya Kichina, ina kichwa cha chuma na meza yake. Huwezi kukimbia nayo. Mwaka 2024, mwishoni mwa Aprili, waasi wa M23 walipoingia Rubaya, watu waliondoka na watoto, masufuria na magodoro. Januari 2025 ilikuwa zamu ya Masisi-kati, kisha Sake, kisha Goma yenyewe mwishoni mwa mwezi. Kambi zilizoizunguka Goma, ambako mamia ya maelfu ya watu walikuwa wamejihifadhi, wengi wao kutoka Masisi, zilivunjwa mwezi Februari na watu wakaambiwa warudi kwao. Machi mapigano yalifika mji wa Walikale.

Katika mwendo huo wa kwenda na kurudi, karakana za ushonaji zilizofadhiliwa kwa nia njema huachwa nyuma zikiwa zimefungwa kwa kufuli, na kufuli haizuii mtu mwenye bunduki. Sindano mbili na mpira wa uzi, kinyume chake, vinaingia katika fundo la kitenge. Mama anaweza kufuma akiwa ameketi juu ya mzigo wake, mahali popote pale atakapolala.

> *Sindano mbili na mpira wa uzi vinaingia katika fundo la kitenge. Cherehani hubaki nyuma.*

Mpangaji wa miradi anayekaa ofisini huona cherehani ni maendeleo na sindano ni kurudi nyuma. Masisi imempa jibu zaidi ya mara moja.

Hesabu inakataa

Sasa tuje kwenye fedha. Kondoo wa milima hii ni wa nywele, hawana sufu ya kusokotwa. Kwa hiyo kila uzi unaofumwa Masisi umeletwa kutoka nje na kupitia Goma, katika masoko kama Virunga na Alanine na maduka ya Birere. Kutoka hapo unapanda mlima kwa pikipiki, ukilipa nauli na kila kizuizi cha barabarani. Mpira wa gramu 100 hutoa kofia nne hivi. Bei ya mpira ikipanda, mfumaji hana pa kupunguzia ila jasho lake.

Sokoni anakutana na mitumba. Marobota kutoka Ulaya na Asia yana ndani yake sweta za watoto ambazo tayari zimevaliwa, zikanunuliwa kwa kilo, zikafika Goma kwa bei ambayo mikono ya mtu haiwezi kushindana nayo. Rwanda ilijaribu kuzuia mitumba kwa kupandisha ushuru mwaka 2016, na Marekani ikajibu mwaka 2018 kwa kuyaondolea mavazi yake nafasi ya kuingia bila ushuru. Kongo haijathubutu hata hapo, na kusema kweli familia nyingi za Masisi zingekosa nguo kama ingethubutu.

Halafu mafunzo yenyewe yameharibu soko. Ukiwafundisha wanawake thelathini wa kijiji kimoja kufuma kofia ileile ya buluu na nyeupe, umetengeneza wauzaji thelathini katika kijiji ambacho watoto wanaozaliwa kwa mwezi hawazidi idadi hiyo, na ambako kila mzazi ana shangazi anayefuma bure. Vikundi vya kuweka na kukopa huwasaidia akina mama kununua uzi kwa pamoja, na hilo ni jema. Lakini tangu benki za Goma zilipofungwa Januari 2025, hata mkopo mdogo umekuwa mgumu, na anayefuma kwa kuuza anafuma kwa kudai.

Walikale: kazi nyingine, mtoto yuleyule

Ukishuka kutoka Masisi kuelekea magharibi, baridi inaachwa nyuma na msitu unaanza. Walikale ni kubwa karibu mara tano ya Masisi kwa eneo, na sehemu yake kubwa iko chini, ambako joto na unyevu hukaa mchana kutwa. Mfuma sweta hana kazi kubwa huku. Mikono ya Walikale hujua mwale na henzirani: mikeka ya kulalia, vikapu vya mgongoni vinavyoshikiliwa kwa mkanda wa paji la uso, tenga la kuwekea vitu vya mama mzazi. Malighafi inakatwa msituni, hailetwi na pikipiki wala ndege. Hilo ni jambo zito katika wilaya ambayo kwa miaka bidhaa za dukani zilishushwa na ndege ndogo zilizotua juu ya barabara ya lami pale Kilambo, na kurudi Goma na magunia ya bati.

Wanyanga wa Walikale ndio watu wa shujaa Mwindo. Utendi wake ulisimuliwa na Shé-Kárisi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Mwindo alizaliwa akicheka, na hakusubiri wa kumletea zawadi: alitoka na fimbo yake ya usinga mkono wa kulia, shoka mkono wa kushoto na mfuko begani, na ndani ya mfuko kamba ndefu. Baba yake, Shemwindo, hakumtaka kwa sababu ni wa kiume, kwa hiyo mtoto alijua atahitaji vyombo vyake.

Wasio akina Mwindo huzaliwa bila kitu. Na hapa pana kosa moja la kufikiri ambalo wauguzi hulikuta mara kwa mara: kwamba mtoto wa nchi ya joto hapati baridi. Kichanga hupoteza joto hata katika tropiki, hasa njiti, hasa usiku, hasa akiogeshwa mapema. Kofia inahitajika Walikale pia, ila nyepesi, ya pamba, na mchana ivuliwe mtoto akitoa jasho. Sweta ya Mushaki ibaki Mushaki.

Mnunuzi yuko wodini

Nimesema mwanzoni kwamba kinachosumbua ni soko. Nadhani soko liko mbele ya macho yetu, ila halitazamwi.

Kila hospitali na kituo cha afya chenye wodi ya wazazi katika wilaya hizi kinahitaji kofia za vichanga kila wiki. Médecins Sans Frontières imekuwa ikisaidia hospitali kuu ya Masisi tangu 2007. Mashirika mengine yanagawa vifurushi vya uzazi. Kifurushi cha kujifungulia cha mama mmoja kinachosambazwa na UNFPA katika dharura huwa na sabuni, karatasi ya plastiki ya kujifungulia, glavu, wembe, uzi wa kufungia kitovu na kitambaa. Kofia haimo.

Pengo hilo ni dogo na bei yake ni ndogo, na wanaoweza kuliziba wanakaa mlima unaofuata. Badala ya kufungua darasa la kumi na moja la ufumaji, shirika lenye bajeti ya vichanga linaweza kuagiza kofia kwa vikundi vilivyopo, kwa kipimo kinachoeleweka: vitanzi sabini kwa mtoto wa miezi kamili, pungufu kwa njiti, pamba, au akriliki laini isiyowasha ngozi, bila kibonge cha uzi utosini, bila kamba ya kufunga chini ya kidevu inayoweza kumkaba, bila kifungo cha kumezwa. Zifuliwe kabla ya kutumika. Walikale waagizwe za pamba nyepesi, na mikeka na matenga ya wodi yanunuliwe kwao badala ya kubebwa kutoka Goma.

Watakaopinga watasema ununuzi wa namna hiyo hauna risiti, hauna zabuni tatu, haukidhi kanuni za mfadhili. Mengine ni kweli. Lakini kanuni zilezile zimeweza kununua vyerehani ambavyo leo vimepotea vita ilipopita.

Wala hili lisigeuzwe kuwa ahadi ya kumtajirisha mwanamke wa Masisi. Kofia haitamtoa katika umaskini. Itamlipa jioni yake, na kumpa fedha ya uzi wa kofia inayofuata, ile atakayoipeleka bure kwa mkwe wake. Hoja ya wanaotaka wanawake wapate nafasi kwenye migodi, mashambani na shuleni inabaki hai, na haitimizwi kwa sindano.

Kwa wanaoandaa bajeti za afya ya mama na mtoto Kivu Kaskazini, ombi ni moja. Nendeni kituo cha afya kilicho karibu nanyi, muulize vichanga wangapi huzaliwa hapo kwa mwezi, na mpeleke oda ya idadi hiyo kwa kikundi cha akina mama cha kata hiyohiyo, pamoja na uzi wa kuanzia na malipo siku kofia zinapopokelewa.